Usalama wa kazi: nani analipa mbele ya ajali?

Kwenye fishi ya mushahara, watu wengi wanasoma mustari wa CNSS kwa kitu kimoja tu: ile 5% inayokatwa. Inauma, na mwisho wa mwezi ujao itauma tena. Lakini hesabu ya CNSS iko na upande mwingine, wenye mufanyakazi haangalie sana kwa sababu hautoke mu mufuko wake. Kampuni nayo inapaswa kuongeza 13%: 5% ya pansheni, 6,5% ya watoto, na 1,5% ya hatari za kazi, maana yake ajali na magonjwa yenye kazi inaleta. Ile 1,5% njo tunataka kuongelea leo.

Tufanye hesabu. Mutu mwenye kupata dolari 400 kwa mwezi, kampuni inamulipia dolari 6 juu ya hatari za kazi. Wakiwa watu 1.000 wa mushahara ule, ni dolari 6.000 kwa mwezi, dolari 72.000 kwa mwaka. Njo bei yenye inchi yetu imeweka kwa mukono, muguu na mapafu ya mufanyakazi, kufuata sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya usalama wa jamii.

Franka ile inaenda wapi? Kwanza inaenda kwa mutu amekwisha kuumia: dawa, malipo ya siku zenye hatumiki, pesa ya kila mwezi kama amebakia kilema, na kama amekufa, pesa ya mujane na ya yatima. Ni kitu cha haki na hatuwezi kukizarau. Mama mwenye kuzunguka na makaratasi mu maofisi mwaka muzima kwa ajili ya bwana yake anajua uzito wa franka ile siku inatoka. Lakini ni pesa inayongojea damu itoke kwanza. Pesa ingine, ile ya kutangulia mbele ya ajali, inatoka wapi? Ya kupima mavumbi mu galeri, ya kuchunguza kable ya kaje, ya kumulipia inspekteri esanse ya kufika, ya kuandika kanuni inayosema shimo liwe namna gani. Hapo njo mambo yanakuwa magumu.

Tuanze na kanuni yenyewe, ile wanaita norme. Wengi wanafikiri norme inatoka kwa leta kama amri. Hapana. Norme inaandikwa na watu wenye kukaa kwenye meza: wenye viwanda, mainjinia, wauzaji, mara moja moja watu wa sendika. Kofia ya kazi unayovaa iko na norme: inasema ipigwe na uzito gani, kutoka urefu gani, na kichwa kilicho ndani kipate nguvu kiasi gani ya lile pigo. Kable ya kupandisha watu iko na yake. Mashini ya kutoboa jiwe vilevile. Sasa, ile meza hailipi mutu. Kila mumoja anakuja na tiketi ya ndege ya mwenye kumutuma, na siku zake za kazi zinalipwa na yule yule. Kiwanda kinachouza mashini kinaweza kutuma watu miaka yote. Mutu wa kutoboa jiwe, yeye nani atamutuma?

Na ikiisha kuandikwa, inauzwa. ISO, shirika la normes la dunia lenye makao Genève, liliandika mwaka wa 2018 norme ya usalama na afya kazini, ISO 45001. Kampuni nyingi zinaitundika kwa ukuta wa réception. Mufanyakazi akitaka kusoma ndani imeandikwa nini, anunue. Kwetu tunaona ni ajabu kidogo: karatasi inayosema namna ya kulinda mwili wako, uinunue kwa bei ya magunia ya unga.

Wajerumani waliona ile shida mapema. Mwaka wa 1994, wakati Ulaya ilikuwa inaunganisha kanuni za mashini zake, walianzisha komisio moja, kwa kifupi KAN, ya kuangalia kwamba usalama wa wafanyakazi usisahauliwe wakati normes zinaandikwa. Ndani wako watano wa sendika, watano wa wenye kampuni, watano wa leta, na mumoja mumoja wa bima ya ajali na wa shirika la normes la kule. Wenye kutumika mule wanalipwa na pesa za bima ya ajali pamoja na za ministeri ya kazi. Tuseme wazi, si Wajerumani wote malaika. Walihesabu tu: kule, nyumba za bima zinazolipa mikono iliyokatika njo zile zile zinazolipa kazi ya kuzuia mikono isikatike, na kila mukono uliobakia muzima ni pesa imebakia mu kasa.

Kwetu, kazi ya normes iko mikononi mwa OCC, tangu sheria ya mwaka wa 1974. Njo inasimama kwa jina la Kongo mu ISO. Njo inapima mali zinazoingia na kutoka, na ina haki ya kuchunguza mashini na mitambo. Lakini OCC inaishi zaidi kwa malipo ya kazi inayofanya. Matokeo yake mutu yeyote wa Kasumbalesa anaweza kukuelezea: kontena iko na fakture, fakture iko na mutu wa kulipa, kwa hiyo kontena itaangaliwa. Mavumbi ya mu galeri hayana fakture. Hayapiti dwane.

Kisha kuko inspekteri wa kazi. Kitabu cha sheria za kazi cha 2002, kilichorekebishwa 2016, kinamupatia nguvu ya kuingia, kuuliza, kuandika proseverbali. Kongo imekubali tangu 1968 mapatano namba 81 ya shirika la kazi la dunia (OIT), yenye kusema leta impatie inspekteri ofisi yenye vyombo, namna ya kusafiri, na kumurudishia franka ya safari. OIT inapendekeza pia, kwa inchi zenye uwezo mudogo, inspekteri mumoja kwa wafanyakazi 40.000. Ni kiasi kidogo sana, na tena kiko kwa karatasi. Kila mutu wa Katanga anajua picha ingine: inspekteri anayefika ndani ya jeep ya kampuni, anakula chakula cha mess ya kampuni, anarudi ndani ya jeep ile ile. Hatusemi kwamba ni mutu mubaya. Tunasema ni vigumu kumuandikia proseverbali mutu mwenye kukutilia esanse ya kurudi kwako.

Turudi kwa mavumbi, juu hapa njo hesabu ya pesa inaonekana vizuri zaidi. Jiwe tunalotoboa liko na silisi ndani. Ukilitoboa bila maji, mavumbi yake madogo kabisa, yale jicho halioni, yanashuka mpaka chini ya mapafu na hayatoki tena. Mapafu yanajifunga polepole, yanakuwa magumu kama ngozi ya ngoma. Ugonjwa ule unaitwa silikozi. Hauna dawa ya kuuponyesha. Unafungulia pia kifua kikuu mulango, na watu wengi wanatunzwa kifua kikuu mara mbili, mara tatu, bila mutu kuwauliza walitumika wapi. Tena unachukua miaka: mutu anaacha kazi akiwa na nguvu, miaka kumi au zaidi inapita, njo anaanza kukosa pumzi ya kupanda ngazi. Wakati ule kontra imekwisha, kampuni pengine imebadili jina, na familia inafikiri ni kulogwa.

Kuzuia si siri. Maji kwenye mashini ya kutoboa, hewa inayosukumwa mu galeri, na kupima: pompe ndogo inayofungwa kwa mukanda wa mufanyakazi siku nzima, filtre ndani yake, kisha laboratware ya kupima ile filtre. Kila kimoja kiko na bei, na hakuna hata kimoja kinachozidi uwezo wa mine kubwa. Lakini kama hakuna anayepima, ugonjwa hauandikwe. Kama hauandikwe, 1,5% haitajua kamwe kwamba uko. Na mwisho wa mwaka ripoti inasema hakuna mugonjwa wa kazi, basi hakuna haja ya kununua pompe. Ile duara tunaiita duara ya kipofu.

Tuangalie kidogo jirani wa kusini, kule malori yetu yanapita na mutoka. Komisio ya jaji Leon, iliyotoa ripoti mwaka wa 1995, ilihesabu kwamba kutoka 1900 mpaka 1993 watu zaidi ya 69.000 walikufa na ajali mu migodi ya Afrika ya Kusini. Mwaka ule ule wa 1995, tarehe 10 Mei, pale Vaal Reefs, lokomotive iliangukia mu shimo juu ya kaje iliyojaa watu: 104 walikufa. Mwaka uliofuata walitoa sheria mupya. Inampatia mufanyakazi haki ya kutoka mahali anaona ni pa hatari. Inaunda baraza moja ambamo sendika, wenye migodi na leta wanakaa kwa viti sawasawa, ili kuandika kanuni na kulipia utafiti. Pesa ya baraza inatoka wapi? Leta inatia kidogo, na migodi inalipa kodi ya pekee, yenye inahesabiwa pia kufuata ajali za kila mugodi. Mwenye kuua sana, analipa zaidi. Tunapenda ile hesabu, inaeleweka hata kwa mutoto wa kidato.

Mwaka wa 1993 migodi ya kule iliua watu 615. Mwaka wa 2024, 42. Tusidanganyane: migodi mingi ya zahabu ilifungwa kati ya ile miaka, na wafanyakazi walipunguka sana. Hata hivyo, tofauti haielezwe na ile peke yake. Na kwa mapafu walichelewa: ilikuwa lazima wagonjwa wa silikozi waende mahakamani, na mu 2019 tribinali ya Johannesburg ikakubali mapatano ya rand miliari 5 kwa wachimbaji wa zahabu na familia zao. Miliari 5, kisha watu kufa. Maji kwenye mashini yangegharimu kiasi gani?

Lakini hata ule mupango wa kusini una mulango uliofungwa. Pale Stilfontein, mu Januari 2025, walitoa chini ya mugodi wa zamani maiti 78 na watu 246 wazima. Walikuwa wachimbaji wasio na kontra, wale kule wanaita zama zama. Baraza lile, kodi ile, viti vile sawasawa, havikuhesabiwa juu yao. Pesa ya usalama ilifuata fishi ya mushahara, na wao hawakuwa nayo.

Msomaji wa Kolwezi amekwisha kuelewa tunakokwenda. Kwetu, wenye hawana fishi njo wengi. Tarehe 27 Juni 2019, udongo uliporomoka juu ya wachimbaji wa mukono ndani ya eneo la kampuni karibu na Kolwezi. Watu zaidi ya 40 walikufa. Kwa creuseur, 1,5% ni sufuri, juu hana patro mwenye kumuandikisha. Sheria haikumusahau kabisa: mwaka wa 2003 leta iliunda huduma ya kumusaidia, SAESSCAM, iliyobadilishwa jina mu 2017 ikawa SAEMAPE. Sheria ya migodi iliyorekebishwa 2018 inataka awe na karte na awe ndani ya kooperative, na atumike mu eneo lililotengwa, ZEA. Kanuni inasema shimo lisipite metre 30. Mu 2021 hata EGC, kampuni ya leta iliyopewa kununua kobalti ya mukono, ilitoa norme yake ya namna ya kuchimba na kununua.

Kwa hiyo, tusiseme kwamba normes zinakosekana. Ziko, zimepigwa chapa, zimetiwa sinyature. Kinachokosekana ni mutu mwenye kushuka na kamba kupima zile metre 30, mwenye mushahara wa kweli, mwenye pikipiki na esanse, na mwenye nguvu ya kusema: hili shimo lifungwe leo. Gunia likitoka mu kariere, linapimwa. Linapimwa na kooperative, linapimwa na mununuzi, na kila mara kuko mutu wa huduma moja ao ingine mwenye kusimama karibu ya balanse na daftari. Shimo lenyewe, kule gunia limetoka, daftari lake liko wapi?

Na dawa ya kweli ya kariere si kofia. Kofia ni nzuri kwa jiwe dogo, haifai kitu kwa tone kumi za udongo. Dawa ni mashini kubwa ije mbele, itoe udongo wa juu, ikate ngazi ngazi, watu watumike kwenye shimo la wazi pasipo galeri. Ilionekana pale Mutoshi, karibu na Kolwezi, kuanzia 2018: kampuni ya mine, mununuzi wa kimataifa na shirika moja walitia pesa, mashini ikafungua udongo, fensi ikawekwa, watu wakapewa vifaa, wanawake wakaweza kuingia kutumika. Mu 2020, wakati wa Covid, ikasimama. Wenye kulipa walikuwa na hesabu zao, ni haki yao. Njo shida ya usalama unaolipwa na mununuzi: unaenda pamoja naye.

Basi pesa ya watu wote iko wapi? Iko. Tangu 2018 kobalti iko mu kundi la mali ya pekee na inalipiwa redevance ya 10%. Kobalti ya dolari miliyoni moja, redevance dolari 100.000: Kinshasa inachukua 50.000, provense 25.000, komine ao sheferi ao sekteri ya pale 15.000, na 10.000 zinaenda kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kila kampuni inayochimba inatoa 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vya karibu. Ukisoma sheria, unaona njia, shule, hospitali, maji. Ni vizuri sana. Lakini neno usalama wa shimo halina mustari wake. Sehemu ya komine imeandikwa ni ya majengo na njia za faida ya wote. Burgumesta mwenye kutaka kulipia mashini ifungue udongo mu ZEA, ataulizwa kama hiyo ni njia ao shule.

Sisi tunaona inatosha mustari mumoja ndani ya budjeti ya provense, wenye jina lake: usalama wa kariere. Sehemu ndogo ya ile 25%, yenye haiguswi kwa kitu kingine, ya kulipa wapimaji, saa za mashini, na pompe za maji wakati wa mvua, kwa sababu udongo unaporomoka zaidi Desemba na Januari kuliko Agosti. Na daftari la shimo, lisomwe mbele ya wote kama lile la gunia. Wadepite wa provense wanapiga kura juu ya budjeti mwisho wa kila mwaka. Mutu anayeomba kura mu kariere anaweza kuulizwa amesema nini siku ile.

Wakati tunangojea, wenye kuwa na kontra wana vitu vya kufanya sasa. Muulize namba yenu ya CNSS, si ya kampuni tu, yenu wenyewe, na muiandike nyumbani mahali mama anaweza kuipata. Kama kuko ajali, hata ndogo, hata kidole, muombe iandikwe na kutangazwa, na mupate kopi. Jeraha lisiloandikwa leo halitalipwa likiharibika kesho. Sheria inataka kuwe komite ya usalama na usafi ndani ya kampuni: muulize delege wa sendika ilikutana lini mara ya mwisho, na proseverbali yake iko wapi. Muulize pia kama mavumbi yalipimwa mwaka huu, na nani aliyapima. Wenye wamekwisha kuacha kazi na wanakohoa, wamuambie munganga kwamba walitumika mu mine, miaka mingapi, na kama walikuwa wanatoboa na maji ao bila maji. Atafanya radio ya kifua na macho mengine. Vyeti vya kazi vya zamani, hata vimepasuka, visitupwe.

Kwa mama na watoto wa creuseur, kopi ya kuweka kwa sasa ni mbili tu: karte yake ya uchimbaji na karatasi ya kooperative. Ziwekwe nyumbani, zisishuke naye mu shimo.